Jiwe la Kona ya Nne

Bugarama, Burundi
Jumanne, 11 Februari 2025

Mjomba wangu Bonifasi,

Shikamoo. Mimi mzima, ni kifua tu kinachonisumbua kwa baridi. Huku ni kama kwetu Nyandira mwezi wa saba, ukungu haunyanyuki mpaka saa nne. Mama mdogo Jesca hajambo? Yule mbuzi mweupe ameshazaa? Karoti mmeng'oa au bado mnasubiri bei ya Dar ipande? Nisalimie wote, hata wale waliosema sitamaliza mwezi.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu najua hupendi simu, na simu yenyewe huko inashika pale juu kanisani tu, ambapo ukipiga chafya kijiji kizima kinajua una mafua. Barua hii nitampa Mansuri akipita na lori lake la kontena kurudi Dar. Ameahidi kuishusha stendi ya Msamvu, Morogoro, ipandishwe huko na gari la mboga. Anakusalimu sana, anasema bado anakumbuka ulivyomfundisha kazi ya utingo.

Masomo ya cheti cha kufundisha Kiingereza yanaenda. Ungecheka, Mjomba. Huku wamesoma Kifaransa, basi Mtanzania akifungua mdomo kwa Kiingereza wanamwona mzungu kabisa. Tangu Januari tuko kwenye mazoezi ya kufundisha. Darasani ni Kiingereza kitupu. Ukiteleza na neno moja la Kiswahili, mkufunzi aliyekaa nyuma anakata alama. Nina watoto hamsini na wanane. Yuko mmoja, Esperansi, miaka kumi, anashika haraka kuliko mimi nilivyoshika.

Shida ni kufika. Shule iko kilomita kumi na nne kutoka hosteli, kupanda tu. Gari la chuo lipo, lakini halijatiwa mafuta tangu Desemba. Nchi nzima haina mafuta. Watu wanasukuma magari kwa mikono kwenye foleni ya kituo, wanalala humo siku tatu. Na daftari la mahudhurio linafungwa saa moja na nusu asubuhi. Ukichelewa mara tatu umefukuzwa, cheti hupati. Mimi nimeshachelewa mara mbili.

Sasa usinigombeze. Napanda lori. Kuna lori la mahindi linalopita alfajiri, utingo wake kijana anaitwa Amani, ananiacha nikae nyuma juu ya magunia. Na si mimi peke yangu. Huku waendesha baiskeli hushuka mjini na ndizi, halafu wakati wa kurudi wanashika matako ya lori kwa mkono mmoja, lori linawavuta mlima mzima. Leo walikuwa saba wananing'inia.

Basi leo, kona ya nne, gia ikakataa. Lori likasimama, likaanza kurudi nyuma, na wale saba wako hapo hapo kwenye tairi. Amani alikuwa mbele na dereva, amesinzia. Mjomba, sijui nilishukaje. Nilijikuta chini, nimebeba jiwe la ukubwa wa kichwa cha mbuzi, nimelitupia nyuma ya tairi kama ulivyonifundisha, upande wa ndani, si wa nje. Lori likakaa kimya. Wale wanaume walinipigia makofi! Dereva akapata gia, tukaondoka, na shuleni nimefika saa moja na dakika ishirini na tano. Sasa ni mapumziko, nimekaa na chai, nimeona nikuandikie ujue kwamba mpwa wako si wa

Mkuu wa shule amesimama mlangoni ananiita. Nitamalizia baadaye.


Nyandira, Mgeta
6 Machi 2025

Mpwa wangu Felista,

Marahaba. Barua yako imefika Jumatatu, imelowa maji ya kabichi lakini inasomeka. Sisi hatujambo. Mvua zimewahi. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja alikufa, mmoja ana kelele kama mama yako mdogo, na usimwambie nimesema hivyo. Karoti tumeng'oa, bei ilikuwa ya kututukana. Kipande chenu cha shamba, kile alichokuachia marehemu dada yangu Yuliana, nimekipanda njegere ili wazee wa lukolo, ukoo wa mama zetu, wasije wakasema ardhi imelala. Mguu wangu unauma kidogo tu.

Nimekugombeza kwa siku mbili nzima kwa habari ya kupanda lori, bahati yako hukuwepo. Mtu na shahada yake anaenda kukaa juu ya magunia! Siku ya tatu nikaanza kujivuna. Niliisoma barua yako kwa sauti pale magari ya mboga yanapopakia, matingo wakashangilia, mmoja akauliza kama umeolewa. Upande wa ndani, si wa nje. Kumbe ulikuwa unasikiliza, na mimi nilidhani ulikuwa unakula peasi tu.

Nilipofika nyumbani niliisoma tena peke yangu. Kuna vitu viwili vimenikaa vibaya.

Kwanza, barua haina mwisho. Hukuweka jina lako, hukuaga. Wewe ambaye tangu darasa la tatu unamaliza barua na maua pembeni.

Pili, umeandika ulivyoliweka jiwe. Hukuandika ulivyoliondoa.

Labda umesahau kuandika. Mtu mwenye haraka husahau kuandika. Niandikie basi, mstari mmoja unatosha, nilale.

Kula vizuri. Vaa sweta.

Ni mimi mjomba wako,
Bonifasi


Bugarama
2 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimepata barua yako, nashukuru kwa habari za nyumbani. Pole kwa mtoto wa mbuzi. Pole na mguu, tafadhali nenda ukaonyeshe hospitali, usingoje mpaka uvimbe.

Mimi niko salama. Lori sipandi tena. Natoka hosteli saa tisa na nusu usiku, natembea, nafika saa moja na robo. Njia si mbaya, kuna mashamba ya chai pande zote mbili, na miguu yangu ni ya Mgeta. Viatu vimekwisha soli, fundi amenitia kipande cha tairi.

Wiki iliyopita nilikaguliwa nikapata alama za juu kuliko wote. Mkufunzi amesema nina sauti ya kufundishia. Shuleni tulikuwa na msiba mwezi wa pili, baba wa mtoto mmoja, kwa hiyo vipindi vilisimama kidogo, ila sasa tunaendelea. Bado miezi mitatu tu. Tunamaliza tarehe 27 Juni.

Mvua huku ni nyingi. Mansuri anasubiri barua, lori lake haliwezi kusimama sana barabarani. Msalimie mama mdogo.

Mpwa wako,
Felista


Nyandira, Mgeta
24 Aprili 2025

Felista,

Sisi wazima. Pasaka imepita salama. Hongera kwa alama.

Mimi ni mtu wa darasa la saba, lakini kusoma najua. Nilikuuliza kitu kimoja, ukanijibu habari za chai, viatu na mvua. Ukaweka msiba katikati, kama mtu anayeficha kisu ndani ya mchicha.

Nakuuliza mara ya pili. Jiwe uliliondoa?

Nitakueleza kwa nini nauliza. Mwaka nilioanza utingo nilikuwa na miaka kumi na saba, tulishuka na viazi mpaka Mlali. Pale dereva akaniuliza, yale mawe mawili ya kule kwenye daraja umeyatoa? Nikasema moja nimetoa. Alizima gari. Mzee mzima, ana mzigo wa watu, soko linamngoja. Akasema, nenda. Nilirudi kwa miguu kupanda mlima kwa muda wa saa nne, nikalisukuma lile jiwe bondeni, nikashuka tena nimekuta viazi vimepigwa jua na wenye mali wananitukana. Yule mzee hakunitetea wala hakunigombeza. Alisema tu, jiwe ni la aliyeliweka, mpaka alitoe. Nimefanya kazi ile miaka ishirini na mbili, sikuacha hata moja.

Huyo baba wa mtoto alikufa kwa nini?

Bonifasi


Bugarama
30 Mei 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sijui hali zenu, sikuuliza, naomba mnisamehe. Barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Kila nikianza kukujibu naandika habari za mvua.

Sikuliondoa.

Nililiona. Lori lilipopata gia halikuweza kunisubiri, lingezima tena. Amani aliamka, akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, mwalimu, jiwe! Nilisikia, Mjomba. Siwezi kusema sikusikia. Nilitazama saa, ilikuwa saa moja na dakika kumi. Kama ningelisukuma pembeni lori lingeniacha, ningechelewa mara ya tatu, ningerudi Mgeta mikono mitupu na watu wangecheka. Nilikimbilia lori. Nilijiambia kuna ukungu, hakuna magari, mtu mwingine atalitoa.

Alikuja mtu na baiskeli kutoka juu, amebeba mikungu mitano ya ndizi. Huku wanashuka kwa kasi mno, breki zao ni kisigino. Anaitwa Salvatori. Alikufa pale pale. Ni baba yake Esperansi. Mkuu wa shule aliponiita siku ile nilipokuwa nakuandikia, alitaka nimtoe mtoto darasani kwa upole, kwa sababu ananipenda.

Siku mbili baadaye polisi walimkamata Amani. Kila mtu anajua mawe ya barabarani ni ya utingo. Amani akasema, jiwe aliliweka mwalimu Mtanzania. Dereva akasema alikuwa anatazama mbele, hakuona aliyeliweka. Polisi wakaja shuleni, wakaniuliza mbele ya mkuu. Nikasema nilikuwa nimelala juu ya magunia, sikuona kitu. Wakaniomba radhi, Mjomba. Waliniomba radhi kwa kunisumbua. Wale saba wa baiskeli walioona wote wamenyamaza, maana kushika lori kumepigwa marufuku, wakisema walikuwepo wanajifunga wenyewe.

Amani yuko mahabusu mpaka leo.

Esperansi amerudi darasani. Wiki jana nilikuwa nafundisha habari za familia, akanyoosha mkono, akasimama, akasema kwa Kiingereza kisicho na kosa kwamba baba yake anaendesha baiskeli. Nilitoka nje nikajifanya nakohoa.

Naogopa jela ya nchi ya watu. Naona aibu hata kuandika hili. Zimebaki wiki nne nipate cheti. Naomba vitu viwili tu. Usimwambie mtu. Na usije, najua unavyofikiri, usije.

Felista


Nyandira, Mgeta
16 Juni 2025

Felista,

Barua imefika leo, na leo hii najibu, kwa sababu Mansuri yuko Msamvu anapakia tairi na anatangulia huko.

Nimelia. Nakwambia ili ujue, si ili unihurumie.

Wewe ni mtoto wa dada yangu, na kwetu mtoto wa dada akimwaga damu, anayebisha hodi kwa wafiwa ni mjomba. Baba yako angekuwa hai angeweza kukaa nyumbani, mimi siwezi. Ukoo wako ni wangu. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi ndiye wa kwenu.

Nakuja. Nimeomba hati ya dharura pale Uhamiaji mjini, wameniambia siku kumi. Mansuri akirudi safari inayofuata nitapanda naye. Mbuzi nimemwachia mdogo wangu Jesca, nimemwambia naenda kuona unavyofundisha. Ni uongo wangu wa kwanza kwake na sijapenda ladha yake.

Sitakwenda polisi kukusemea. Mdomo ni wako. Mimi nitakwenda kwa mjane, nikae chini, niseme tuko hapa. Nataka tuingie wawili. Nisubiri.

Mjomba wako


Bugarama, Burundi
17 Julai 2025

Felista,

Naandika nikiwa nyumbani kwa Konsolata, mke wa marehemu Salvatori. Barua naipeleka Nyandira kwa Jesca, nadhani ndiko uliko.

Safari ilikuwa siku tisa. Mpakani peke yake siku tatu. Mansuri alinishusha kwenye kona ya nne kwa sababu nilimwomba. Jiwe halipo, liliondolewa, pamebaki alama nyeupe kwenye lami. Kutoka pale nimetembea, na huu mguu wangu, mpaka chuoni kwenu. Karani akaniambia ulichukua cheti Ijumaa ya tarehe 27 na jioni ile ile ukaondoka. Akasema ulikuwa umepata barua kutoka nyumbani ukasema mjomba wako anaumwa.

Kwa hiyo tumepishana njiani, mimi kwenye lori na wewe kwenye basi.

Nilikaa kwenye ngazi ya ofisi yao muda mrefu. Nilifikiri kurudi. Halafu nikauliza njia ya kwa Salvatori.

Nilijiuliza nitasema lugha gani. Kumbe mama huyu alikulia kambi ya wakimbizi ya Kibondo, kwetu Tanzania, Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha Jesca. Nilibisha hodi, nikakaa chini kwenye udongo, sikukubali kiti. Nikasema, mimi ni Bonifasi, natoka Mgeta, Morogoro. Jiwe lililomuua mumeo liliwekwa na mtoto wa dada yangu.

Aliniuliza, umekula? Nikasema sijala. Akanipa maharage na ndizi, akanitazama nikila, ndipo akauliza, mtoto gani wa dada yako? Nikasema, mwalimu wa Kiingereza.

Felista, aliweka mikono kichwani. Akasema, "Huyo si ndiye aliyekuja matangani? Alinishika mikono. Alileta sukari kilo mbili. Alilia kuliko sisi, mpaka watu wakambembeleza yeye."

Hilo hukuniandikia. Katika yote uliyoniandikia, hilo hukuliandika.

Akauliza, yuko wapi? Nikasema, anakuja. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Juzi nimekwenda kumwona Amani gerezani. Ana miaka ishirini na mbili, amekonda, ana vipele mikononi. Nilipomwambia mimi ni nani hakunitukana. Aliuliza kama ulifaulu.

Hapa pana shamba la mteremko, limeota magugu tangu mwezi wa pili, na mwenye jembe hayupo. Nimeomba jembe. Konsolata alikataa siku mbili, siku ya tatu akanipa. Nalala jikoni. Nitalima mpaka utakapokuja, maana mimi niliyesema unakuja ndiye nitakayeonekana mwongo.

Bonifasi


Morogoro Mjini
22 Agosti 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mama mdogo Jesca hajambo, ila haongei nami vizuri. Mbuzi wanaendelea. Njegere zako zilikomaa zikaliwa na tumbili kwa sababu hakuna wa kuwafukuza.

Mimi nimepata kazi. Shule ya msingi ya binafsi huku mjini, chini ya mlima, darasa la tatu na la nne. Cheti cha huko walikipenda. Nimepanga chumba.

Rudi nyumbani, Mjomba. Nakuomba kwa jina la mama yangu. Una miaka sitini na nne, una mguu mbovu, unalala jikoni kwa watu. Wewe hukuua mtu. Wazee wa lukolo wamekaa kikao, wanasema umerogwa huko, au umeoa. Wananiuliza mimi. Mambo ya mjomba kubeba damu ni ya zamani, siku hizi kuna sheria, na sheria haijakuita wewe.

Unadhani mimi nimelala usingizi? Nikisikia lori linabadilisha gia pale barabara kuu naacha kuandika ubaoni, watoto wanageuka kunitazama. Nimemwandikia Amani barua nne nikazichana zote. Lakini nikienda, Mjomba, nitapata nini? Salvatori hatarudi. Watakuwa na mfungwa mwingine tu, na wewe utakuwa umepoteza mtoto uliyemlea.

Nilikimbia kwa sababu yako. Ningeweza kusimama mbele ya polisi yeyote nikadanganya tena. Mbele yako nisingeweza.

Rudi.

Felista


Bugarama, Burundi
30 Septemba 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi una kazi. Nasema kweli.

Huku tumepanda. Maharage yameota. Mguu umevimba kidogo, Konsolata ananikanda kwa maji ya moto, ananitania kwamba Waluguru tumezoea kubebewa mizigo na malori. Huwa anacheka, halafu anakumbuka mimi ni nani, anabeba maji yake anatoka. Esperansi ananisomea daftari lake la Kiingereza, mimi natikisa kichwa kama ninayeelewa. Mama yake hajamwambia. Mtoto ananiuliza mwalimu anarudi lini.

Sikiliza sasa. Kesi ya Amani inasikilizwa Jumatano tarehe 12 Novemba. Mwanasheria wake amesema akikutwa na hatia ni miaka mingi. Konsolata ameniuliza, mzee, siku hiyo utasema unachokijua?

Nimefikiri wiki mbili shambani. Nilikuandikia kwamba mdomo ni wako, na ulikuwa wako miezi minane. Kijana wa watu ana mama pia. Nimemwona, anakuja hapa Jumapili kuomba msamaha kwa mjane kwa kosa ambalo mwanawe hakufanya, na mimi nimekaa pale na jembe langu nikimtazama. Mara ya pili sikuvumilia, nilimfuata njiani nikamwambia ukweli. Alipiga magoti barabarani akanishukuru. Mimi! Sijawahi kuona aibu ya namna ile.

Basi tarehe 12 nitasimama. Wakiuliza nani aliliweka jiwe, nitataja jina lako. Barua zako ninazo, zote, lakini sitazitoa, hizo uliniandikia mimi. Jina tu. Nililitaja mara ya kwanza kanisani Nyandira, mama yako akiwa amekubeba na mvua inapiga bati mpaka padre hakusikia, ikabidi nilirudie kwa sauti.

Nakuandikia mapema ili usije ukasema nilikuvizia. Unaweza kukimbia zaidi, Tanzania ni kubwa na sitakutafuta. Nitakulilia tu.

Mjomba wako,
Bonifasi


Kabanga, Ngara, mpakani
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Niko mpakani kwenye lori la Mansuri. Foleni haijasogea tangu Ijumaa, wanasema ng'ambo hakuna mafuta hata ya kuvusha magari getini. Barua hii nampa mwendesha pikipiki anayevuka leo, maana naogopa nikichelewa utasimama kabla sijafika.

Shuleni nimeaga. Mwalimu mkuu aliuliza nimepata wapi kazi nzuri zaidi. Mama mdogo Jesca nimemweleza yote. Alinipiga kofi, kisha akanifungia maandazi ya njiani. Shamba nimemkabidhi yeye mbele ya wazee wa lukolo, nikawaambia naenda kufungwa na sijui miaka mingapi. Mzee mmoja alisema huyo sasa ni mtoto wa Yuliana. Wengine walitazama chini.

Naogopa sana. Sijui nitamtazamaje Esperansi, na Amani sijui nitaanza na neno gani. Huenda hakuna neno.

Lori lisiposogea mpaka kesho asubuhi, nashuka natembea. Nimepiga hesabu, nikipata pikipiki na baiskeli za kunibeba nafika Jumanne jioni. Uwe umekaa hapo kwa Konsolata, nitakuja kwake kwanza, na kwenye kiti sitakaa.

Jumatano keti tu, Mjomba, upumzishe mguu. Usilitaje jina langu. Nitalitaja mwenyewe.

Felista